Mwambao kwa Kila Mtoto: Somo kwa Familia Zinazopanga Matembezi ya Likizo

Shule zinapofungwa mwezi Juni, nyanda za juu za Ufipa huwa zimekwisha kuingia katika majira ya baridi na upepo. Mavuno yanaelekea ghalani, na familia nyingi za Majengo hupata wasaa wa kusafiri. Wapo wanaoteremka Kasanga kuwaona ndugu zao wa ziwani, wapo wanaofunga safari ndefu hadi Dar es Salaam, na wapo wachache wanaovuka bahari mpaka Unguja. Katika kupanga safari hizo, swali moja huulizwa kwa sauti ya chini: "Na huyu je, tutamwacha na nani?"

Anayeulizwa habari zake aghalabu ni mtoto asiyetembea, asiyeona, asiyesikia, mwenye usonji au mwenye kifafa. Hubaki nyumbani na bibi, au na dada mkubwa ambaye naye hukosa safari kwa ajili yake. Wanaporudi wenzake hupewa biskuti na kusimuliwa habari za maji. Hakuna aliyekusudia kumwonea. Wazazi waliona tu kwamba njia ni ndefu, mchanga ni mgumu kupita, na watu wataangalia.

Somo hili linahusu mtoto huyo na matembezi ya mwambaoni. Baada ya kulisoma, mzazi au mlezi ataweza:

(a) kueleza kwa nini mchezo na matembezi ni haki ya mtoto mwenye ulemavu;
(b) kuikagua bustani au uwanja wa michezo na kutambua kama unamfaa kila mtoto;
(c) kuandaa safari ya mwambaoni iliyo salama kwa familia nzima; na
(d) kushiriki katika kuuboresha uwanja wa mtaa wake mwenyewe.

1. Mchezo ni haki

Wazazi wengi huuhesabu mchezo kuwa ziada inayokuja baada ya chakula, mavazi na shule. Sheria haiuoni hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaueleza wajibu wa mzazi na mlezi wa kumtunza mtoto, na katika orodha ya haki zitokanazo na wajibu huo, kucheza na kupumzika kumewekwa pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Sheria haikusema haki hiyo ni ya watoto wanaoweza kukimbia pekee.

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Ibara ya 30 ya mkataba huo inazitaka nchi zihakikishe kwamba watoto wenye ulemavu wanashiriki michezo na burudani kwa usawa na watoto wengine. Mwaka uliofuata, yaani 2010, Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, ambayo pamoja na mambo mengine inahimiza majengo na huduma za umma zifikike kwa wote.

Nje ya sheria iko sababu ambayo kila mzazi anaijua. Mtoto hujifunza lugha, subira, zamu, kushindwa na kusamehe akiwa na watoto wenzake. Mtoto anayefungiwa ndani hupoteza masomo hayo yote kwa pamoja. Nao watoto wasio na ulemavu hupoteza somo lao, kwa kuwa hukua bila kujua namna ya kucheza na mwenzao aliye tofauti, kisha wakiwa watu wazima humwogopa au humcheka. Samaki mkunje angali mbichi.

2. Mfano wa Forodhani

Katika mwambao wa nchi yetu, bustani inayojulikana kuliko nyingi ni Forodhani, iliyoko Mji Mkongwe wa Zanzibar, mbele ya Ngome Kongwe na jumba la Beit el-Ajaib. Zamani iliitwa Bustani ya Jubilii, kwa heshima ya miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Baadaye bustani ilifanyiwa ukarabati mkubwa kwa ufadhili wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009. Kazi hiyo ilihusisha ukuta wa bahari, njia za kutembelea, taa, miti, sehemu ya wauza vyakula na sehemu ya michezo ya watoto.

Jioni ndipo Forodhani inapochangamka. Wauzaji huwasha taa na kupanga mishikaki, samaki, urojo na juisi ya miwa. Vijana huruka makachu, yaani hujirusha baharini kutoka ukutani kwa mitindo ya kila aina huku watu wakishangilia. Wazee hukaa chini ya miti, na watoto hukimbizana.

Mahali hapa pana funzo kwa mkazi wa Majengo. Uzuri wake kwa familia iliyo na mtoto mwenye ulemavu hautokani na kifaa kimoja cha ajabu. Unatokana na mambo ya kawaida: ardhi ni tambarare, njia zimesakafiwa, mahali pa kukaa pako karibu, na shughuli zote zimekusanyika sehemu moja. Mtoto aliye kwenye kitimwendo anaweza kuwa katikati ya watu, akala wanachokula wenzake na akatazama makachu kama wanavyotazama wao. Hata hivyo ukuta wa bahari ulio karibu ni hatari kwa mtoto asiyeona na kwa mtoto mwenye usonji anayevutwa na maji. Mahali pamoja panaweza kumfaa mtoto mmoja na kumhatarisha mwingine. Kwa hiyo mzazi hapaswi kutosheka na kuambiwa kwamba bustani ni nzuri. Lazima aikague kwa macho ya mtoto wake.

3. Maswali matatu ya ukaguzi

Bustani yoyote, iwe ya baharini, ya ziwani au ya mtaani, inaweza kukaguliwa kwa maswali matatu.

*Je, mtoto atafika?* Kuanzia mahali gari linaposimama hadi mahali pa mchezo, pasiwe na ngazi isiyo na njia mbadala. Njia mbadala ni njia mserereko, yaani njia ya mteremko mdogo badala ya ngazi. Kipimo kinachotumiwa na wajenzi wengi ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kimo huhitaji sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 huhitaji mserereko wa sentimita 180. Ukiwa mfupi zaidi, anayesukuma huchoka na kiti kinaweza kupinduka kinyumenyume. Lango liwe na upana wa sentimita 90 hivi, na mahali pa kugeuzia kiti pawe na upana wa sentimita 150.

*Je, mtoto atacheza?* Kufika na kuishia kutazama wenzake hakutoshi. Bembea ya ubao mtupu haimfai mtoto ambaye kiwiliwili chake hakijakaza. Huyo anahitaji kiti chenye mgongo na mkanda, au bembea pana ya wavu anayoweza kulalia pamoja na mwenzake. Meza ya mchanga iliyoinuliwa humwezesha mwenye kitimwendo kuchezea mchanga bila kushushwa chini. Ngoma na mabomba ya kugonga humfurahisha mtoto asiyeona. Kona tulivu yenye kivuli humpa mtoto mwenye usonji mahali pa kujituliza kelele zinapomzidi.

*Je, mtoto atajisitiri?* Swali hili husahauliwa mara nyingi, nalo ndilo hukatisha matembezi mengi. Choo chenye mlango mwembamba au kizingiti kirefu humlazimu mzazi kumbeba mtoto, naye mtoto wa miaka 10 au 12 habebeki kirahisi wala hapendi kubebwa mbele za watu. Familia isiyo na uhakika wa choo humnyima mtoto maji ya kunywa ili asihitaji kwenda haja, na jua la pwani halina huruma kwa mtoto mwenye kiu.

4. Maandalizi kabla ya safari

Kutoka Sumbawanga hadi pwani ya Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Tunduma na Mbeya. Safari ya namna hiyo humchosha mtu mzima, sembuse mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayekaa kwa mkao mmoja. Yafaa basi yafuatayo yazingatiwe:

Kwanza, dawa zote za mtoto zikae katika mkoba wa mkononi, wala zisiwekwe kwenye buti la basi. Kwa mtoto mwenye kifafa, kuruka dozi moja au mbili kwa sababu mzigo uko chini kunaweza kumletea degedege njiani. Dawa zichukuliwe za siku kadhaa zaidi ya zile za safari.

Pili, mtoto asiyejigeuza mwenyewe abadilishwe mkao mara kwa mara, na basi linaposimama ashushwe anyooshwe. Vidonda vya mgandamizo huanza kama wekundu au weusi mdogo wa ngozi, na huchukua muda mrefu kupona.

Tatu, kitimwendo kikaguliwe matairi, breki na skurubu kabla ya siku ya kuondoka. Sehemu zinazochomoka zifungwe pamoja kwa kamba.

Nne, mtoto mwenyewe aelezwe safari. Mtoto mwenye usonji hutulia zaidi akijua kitakachofuata: basi, kisha kulala kwa ndugu, kisha boti, kisha bahari. Picha chache zilizochorwa kwenye daftari kwa mfuatano huo zinatosha.

Tano, familia igawane majukumu mapema. Mara nyingi mama peke yake ndiye anayebaki na mtoto huku wengine wakifurahia. Baba, kaka, shangazi na binamu wapangiwe zamu, ili mama naye aione bahari.

5. Mkiwa ufukweni

Mchanga mkavu humeza magurudumu. Kitimwendo kikipita mchangani kivutwe kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie, au yatandikwe mbao na mikeka iwe njia. Mchanga uliolowa karibu na maji huwa mgumu na hupitika vizuri zaidi, ila lazima majira ya maji yajulikane. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati za bamvua maji hupanda na kushuka sana kuliko siku nyingine. Wavuvi wa mahali pale ndio wa kuulizwa.

Mtoto kiziwi hataisikia sauti ya kuitwa. Avishwe nguo ya rangi kali inayoonekana kwa mbali, na ishara ya "rudi" ikubaliwe kabla hajayakaribia maji. Mtoto asiyeona aongozwe kuishika mipaka kwa mkono na mguu: hapa ndipo mkeka ulipo, hapa mchanga unaanza kulowa, huku ndiko upepo wa bahari unakotoka. Akizijua alama hizo, atacheza kwa kujiamini kuliko akishikwa mkono mchana kutwa.

Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia ya ukingo mpana, nguo ya mikono mirefu, miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi dhidi ya mionzi. Muda unaomfaa ni kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Asiachwe peke yake wakati wowote.

Mtoto mwenye kifafa anaweza kuingia majini pale yasipopita kiuno, mradi awepo mtu mzima anayeweza kumfikia kwa kunyoosha mkono, asiyekuwa na kazi nyingine wakati huo. Akipatwa na degedege majini, kichwa kiinuliwe juu ya maji, atolewe, alazwe kwa ubavu, na asitiwe kitu chochote mdomoni. Hata akizinduka haraka, aliyepatwa na hali hiyo akiwa majini apelekwe kituo cha afya, kwa kuwa huenda alimeza au kuvuta maji.

Kuhusu macho ya watu, hakuna dawa isipokuwa kuzoea na kuzoeza. Mtoto mgeni akiuliza, "Huyu ana nini?", jibu fupi na la upole hufaa zaidi kuliko hasira: "Miguu yake haina nguvu, lakini anapenda mpira. Unataka kumrushia?" Mara nyingi urafiki huanzia hapo.

6. Mwambao ulio karibu

Familia isiyoweza kufika baharini isikate tamaa. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470 na linaloshika nafasi ya pili duniani kwa kina, liko ndani ya mkoa wetu. Barabara ya kwenda Kasanga kupitia Matai ina urefu wa zaidi ya kilomita 100, na huteremka kutoka baridi ya Ufipa hadi joto la ziwani. Mtoto aondoke na sweta na afike na nguo nyepesi.

Maswali matatu ya ukaguzi yanatumika huko pia, na hatari za ziwa ziongezwe. Ziwa halina kupwa na kujaa kama bahari, lakini upepo huweza kuleta mawimbi ghafla. Yako maeneo yenye mamba, na maji yaliyotulia yenye majani huweza kuwa na konokono waenezao kichocho. Wenyeji waulizwe mahali salama kabla mtoto hajaingia majini. Penye shaka, mtoto abaki mchangani, ambako ndoo mbili za maji, kivuli na wenzake watatu vinatosha kuifanya siku kuwa sikukuu.

7. Kutoka mwambaoni hadi Majengo

Safari huisha, na mtoto hurudi nyumbani. Likizo ni mara mbili kwa mwaka, lakini hamu ya kucheza ni ya kila siku. Kwa hiyo somo la mwambaoni halina budi kurudi nasi mtaani.

Katika mji wa San Antonio nchini Marekani, mjenzi wa nyumba aitwaye Gordon Hartman alikuwa mapumzikoni na binti yake Morgan, mwenye ulemavu. Morgan alitaka kucheza na watoto waliokuwa katika bwawa la kuogelea. Watoto wale, kwa kutojua la kufanya, wakatoka majini na kuondoka. Mwaka 2010 Hartman alifungua bustani ya michezo iitwayo Morgan's Wonderland, ambamo mtoto mwenye ulemavu na asiye nao hucheza katika vifaa vilevile, na mwenye ulemavu haingii kwa kiingilio. Mwaka 2017 iliongezwa sehemu ya michezo ya maji, yenye vitimwendo maalumu vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa ili visiharibiwe na maji.

Majengo haina fedha za San Antonio, wala haizihitaji ili ianze. Fundi uashi wa mtaani anaweza kujenga mserereko wa zege kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Seremala anaweza kutengeneza kiti cha bembea chenye mgongo na kukifunga mkanda wa kiunoni. Mabomba chakavu yaliyokatwa kwa urefu tofauti hutoa sauti tofauti yakigongwa. Chini ya bembea panafaa mchanga laini wenye kina cha angalau sentimita 30 ili anayeanguka asiumie, ila njia ngumu ifike hadi ukingoni mwa mchanga huo, kitimwendo kisije kukwama. Kamati ya shule inayokarabati uwanja wake inaweza kuuliza maswali yale matatu kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji. Kurekebisha baadaye hugharimu zaidi.

Wakazi wenye ulemavu wenye ujuzi wa useremala, ushonaji au uchomeleaji wanakumbushwa kwamba, katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni kwa ajili ya vikundi vya watu wenye ulemavu. Kutengeneza vifaa vya watoto ni kazi halali ya kikundi. Maelezo hutolewa na Ofisi ya Maendeleo ya Jamii.

Jambo la mwisho ni kuonekana. Uwanja huchorwa na watu wanaowakumbuka watoto waliozoea kuwaona. Mtoto anayefichwa ndani hakumbukwi kalamu inaposhikwa, na baadaye uwanja usiomfaa hutolewa kama sababu ya kuendelea kumficha. Mzunguko huo huanza kukatika mzazi mmoja anapomtoa mwanawe nje, akaenda naye uwanjani, akaona kilichokosekana na kukitaja katika mkutano wa mtaa ili kiandikwe kwenye muhtasari. Mzazi ambaye hajui aanzie wapi afike kwa Mtendaji wa Mtaa, Mtendaji wa Kata au Ofisa Ustawi wa Jamii.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Katika safari yetu iliyopita, nani alibaki nyumbani, na kwa sababu gani hasa?
2. Kati ya kufika, kucheza na kujisitiri, ni lipi linalokosekana katika uwanja ulio karibu nasi?
3. Katika safari ijayo, nani atashika zamu ya kumhudumia mtoto, ili mama naye apumzike?
4. Je, tumemuuliza mtoto mwenyewe anapenda kwenda wapi?